Kabla ya Kuigusa Sindano: Fundisho la Injini Ndogo ya Helikopta

Mtu arushaye helikopta ya mfano kwa redio ana adui mmoja amjuaye vizuri, nao ni ukimya wa ghafla. Chombo kimetulia hewani, injini inanguruma sawasawa. Mara mlio unapanda, unakatika, na mapanga yanabaki yakizunguka bila injini. Mrushaji hodari huweza kukishusha salama. Asiye hodari huokota vipande. Lakini linalosikitisha zaidi ni lile lifuatalo: mwenye chombo hunyoosha mkono akaanza kuzungusha sindano ya kabureta kabla hajajiuliza swali hata moja. Maoni yangu ni kwamba tabia hiyo ni kasoro kubwa kuliko kasoro yoyote ya injini, na kwamba sisi walimu, pasipo kukusudia, tunailea.

Tuitazame kwanza injini yenyewe. Helikopta nyingi za mfano siku hizi huendeshwa kwa betri, lakini zile za injini bado zinapendwa. Mjerumani Dieter Schlüter alikuwa miongoni mwa waliozifanikisha karibu na mwaka 1970. Injini hiyo aghalabu ina silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 5 hadi 15, na huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Haitumii cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platini, ambao hupashwa moto kwa betri ndogo wakati wa kuwasha. Kisha betri huondolewa, na waya hubaki mwekundu kwa joto la mwako na kwa sababu platini huharakisha kuungana kwa methanoli na oksijeni.

Fueli yake ni methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, kama yale ya mbarika, na mara nyingi nitromethani kiasi. Hapa pana mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, gramu 1 ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue barabara, lakini gramu 1 ya methanoli huhitaji gramu 6.5 hivi tu. Kwa hiyo, kwa hewa ile ile, injini hii hunywa fueli zaidi ya mara mbili. Pili, kilainisho chake chote huja ndani ya fueli. Basi fueli ikipungua, oili nayo hupungua, na ule ubaridi uletwao na methanoli inapogeuka mvuke hupungua vile vile. Pistoni hukwaruzika, na injini huweza kukwama kabisa. Tena upungufu huo ni ndumilakuwili: kabla tu ya kuzimika, injini huweza kulia kwa nguvu kuliko kawaida, na mgeni akadhani imepona.

Sasa tuchukue mfano. Tangi likiwa limejaa, helikopta hutulia hewani vizuri. Fueli ifikapo nusu, mlio hupanda ghafla, kisha injini huzimika. Mwenye haraka huifungua sindano ili fueli iingie kwa wingi. Matokeo yake ni nini? Tangi likijaa, injini sasa inafuka moshi na kukohoa kwa kuzidiwa na fueli. Likifika nusu, inazimika kama zamani. Alikuwa na kasoro moja. Sasa anazo mbili, na ya pili imeifunika ya kwanza.

Mwenye subira huiacha sindano mahali pake, akachukua daftari na kuandika dhana zake. Dhana ya kwanza: injini inapata joto kupita kiasi kadiri dakika zinavyopita. Ya pili: usawa wa fueli unaposhuka chini ya kabureta, fueli inapanda kwa taabu zaidi. Ya tatu: mrija laini ulio ndani ya tangi una tundu. Fueli ikiwa nyingi, tundu hilo limezama na halidhuru kitu. Ikipungua, hujitokeza na kunyonya hewa.

Kila dhana hutabiri jambo lake, na hapo ndipo sayansi ilipo. Injini ikiwa baridi, jaza tangi nusu tu, kisha urushe chombo chini chini, mbali na watu. Kikizimika mapema, joto limeondolewa shutuma. Kama nguvu ilibadilika polepole, shuku usawa wa fueli. Kama ilibadilika ghafla, na vipovu vikaonekana katika mrija wa nje, shuku tundu. Hata hivyo vipovu huweza pia kuletwa na mtikisiko unaotia fueli povu tangini, kwa hiyo usihukumu bado. Toa mrija wa ndani, ziba ncha moja, uzamishe majini na usukume hewa kwa sirinji. Usipulize kwa mdomo, maana methanoli ni sumu iwezayo kupofusha macho. Na ukumbuke kwamba mwali wake hauonekani vizuri mchana. Vipovu vikitoka ubavuni mwa mrija, mtuhumiwa amekiri. Kipande cha mrija cha bei ndogo kimeiokoa injini ya bei kubwa.

Sisemi kwamba sindano haiguswi kamwe. Injini iliyorekebishwa Mombasa, kando ya bahari, ikipelekwa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa nyembamba zaidi. Fueli itakuwa imezidi, na sindano haina budi kufungwa kidogo. Lakini hapo sababu imejulikana kabla ya dawa. Fundi mzoefu anayeizungusha sindano na kufaulu hafanyi hivyo kwa kubahatisha. Miaka mingi ya kusikiliza imempa dhana, ingawa haiandiki.

Je, mwanafunzi ataipata wapi tabia hii? Katika maabara nyingi vifaa hupangwa tayari, njia imeandikwa ubaoni, na jibu linajulikana kabla ya jaribio kuanza. Kifaa kikigoma, mwalimu hukiondoa haraka na kuleta kingine, kana kwamba kugoma ni aibu. Kumbe dakika ile kifaa kilipogoma ndipo somo lilipokuwa linaanza.

Mwalimu atajibu kwamba shule haina fedha za kununua helikopta ya mfano. Ni kweli, wala haihitajiki. Bomba la kunyunyizia dawa mashambani na msumeno wa injini aghalabu hutumia injini ya mapigo mawili, ndugu ya hiyo tuliyoieleza. Na pasipo injini yoyote, mwalimu aweza kutengeneza sakiti ya betri na balbu, kisha akaficha humo waya uliokatika ndani ya ganda lake. Awape wanafunzi masharti matatu: waandike dhana kabla ya kugusa kitu; wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja; waandike matokeo hata yakiwakanusha. Na alama zitolewe kwa mpangilio wa majaribio, si kwa kuwaka kwa balbu peke yake, kwani balbu yaweza kuwaka kwa bahati.

Mwanafunzi aliyepitia somo hilo mara kumi hatakuwa fundi wa helikopta. Lakini siku pampu ya maji ya kijiji chake itakapozimika, naye akaombwa aitazame, hataanza kwa kufungua kila skrubu. Ataomba kwanza aelezwe ilizimika vipi.