Kwa Wanaokwenda Turkana Likizo Hii



Likizo ya Agosti imekaribia, na miongoni mwetu wamo wazazi ambao wana wao wanafanya kazi Lodwar, Kakuma, hata Lopur, wadi iliyoko Turkana Magharibi. Wengi huuliza nauli. Sisi twapenda kuanza na maji.

Nchi ile ni kavu, na joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa wepesi. Katika vijiji vingi mwanamke huyapata maji kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka, kisha huyabeba kichwani hadi kwake. Mgeni atakayemwaga dumu zima kwa udhu mmoja huwa amemwaga kazi ya asubuhi nzima ya mwenyeji wake. Udhu wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa wa maji machache, na maji yakiwa ni ya kunywa tu, pana tayamamu, katika madhehebu yetu ya Shafi udongo sharti uwe na vumbi, nalo huko halikosekani. Mto mkavu nao msiudharau. Mvua ikinyesha mbali, mto Tarach unaopita Kakuma huweza kujaa ghafla, gari lisubiri.

Ratiba ya swala ya Mombasa iacheni nyumbani. Adhuhuri ya Lodwar huingia kiasi cha dakika 16 baada ya yetu, na katika mwezi wa Juni magharibi huchelewa karibu nusu saa. Mwenye saumu ya sunna akifuturu kwa saa ya Mombasa atakuwa amekula jua lingali juu. Kibla pia husogea: hapa kwetu twaelekea kaskazini, kule huegemea mashariki kidogo. Atakayenuia kukaa siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha swala zake tangu afikapo. Wa chini ya hapo ana ruhusa ya kupunguza. Na dada anayetaka kusafiri peke yake, suala la maharimu alimalize na sheikh wake kabla ya kukata tiketi.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120. Hali ya usalama ulizeni kwa wenyeji siku hiyohiyo, hasa mkipitia njia ya Kitale. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, si mahali pa matembezi. Anayemzuru jamaa aulizie kibali mapema katika ofisi ya serikali ya wakimbizi. Picha ya mtu, awe mkimbizi au Mturkana mwenye shanga zake, haipigwi bila ya idhini yake. Nani kwetu angekubali kupigwa picha na mpita njia akiwa mlangoni pake?

Wenye watoto watatamani kisiwa. Kisiwa cha Kati kimo ndani ya Ziwa Turkana, na safari yake huanzia Kalokol, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Ni hifadhi ya taifa, yenye kasoko za volkano zilizojaa maji zikawa maziwa matatu, na mamba huzaliana humo. Hakuna duka wala maji ya kunywa, chukueni yenu.

Hapa ndipo tunapowahofia watu wa pwani, kwa kuwa twajidai kuijua bahari. Ziwa lile halina kusi wala kaskazi tulizozizoea. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi kwa muda mfupi. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha, na kama mashua haina, msipande hata ikiwa mmekwisha lipa. Kuogelea, hapana, mamba wamo ziwani pia, si kisiwani tu.

Nahodha akisema leo hapavukiki, msimbembeleze kwa pesa. Kaeni Kalokol mle samaki wa ziwa, ambao hawana haja ya kuulizwa nani aliyewachinja.