Nyumba ya biskuti kwa meza ya Noeli

Mwaka jana nyumba yangu ya biskuti ilianguka usiku wa Noeli, mashemeji wakiwa wameketi mezani. Binti yangu alilia. Sukari ile tuliinunua kwa pesa ya karanga zake. Kosa lilikuwa langu: niliunganisha kuta zikiwa bado na joto.

Mwaka huu tumeanza mapema. Unga wa ngano vikombe 3, margarini kikombe 1, sukari kikombe 1, yai 1, tangawizi ya kutwanga. Kandeni, kisha mkate kuta 4 na pande 2 za paa kwa kufuata vipimo vya karatasi. Mimi sina furu: ninatia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, sahani ya bati juu yake, makala chini na mengine juu ya kifuniko. Mvua za Desemba hulainisha biskuti, kwa hiyo zikauke usiku mzima karibu na mbabula.

Gundi ni ute wa yai uliopigwa na sukari iliyotwangwa na kuchekechwa, mpaka usimame kwenye kijiko. Kuta kwanza, zikitegemezwa kwa vikombe; paa lingojee kesho yake.

Mapambo nimemwachia binti yangu. Amesema mlango utabaki wazi, ili baba yake akirudi usiku kutoka machimboni asigonge.