Kiinitete Kinagandishwa, Ndoa Haigandishwi



Ndugu yangu Muislamu, wiki hii kaniuliza mjane. Yeye na marehemu mumewe walirutubisha mayai hospitali. Matatu hayakupandikizwa, yakagandishwa. Sasa mkwewe anamlilia: "Mwanangu, nipatie mjukuu." Je, apandikize?

Nimemjibu: hapana. Uchungu wa jibu hilo naujua.

Usinielewe vibaya. Sisemi matibabu yote ni haramu. Nabii Zakariya alimwomba Mola wake mtoto hali mvi zimemjaa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, Amman, 1986, iliruhusu mbegu ya mume na yai la mkewe, asiingie mtu wa tatu. Mwaka 1990, Jeddah, ikasema yarutubishwe yanayohitajika tu, na yakibaki yaachwe mpaka uhai wake uishe wenyewe. Dar al-Ifta ya Misri nayo imeruhusu kugandisha, kwa masharti. Kwa hiyo kwenye kugandisha utakuta khitilafu. Sharti la ndoa liko pale pale.

Mbishi atasema: "Lakini yuko edani, anamrithi, na hata kumwosha mumewe anaruhusiwa!" Ewe ndugu, anamrithi kwa sababu mume amekufa! Na eda inatuonyesha kama tumboni mna kitu. Haikupi ruhusa ya kwenda kukiweka. Nitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri hukitunza kiinitete zaidi ya miaka kumi. Eda ni miezi minne na siku kumi. Baada ya hapo ana haki ya kuolewa na mwingine. Huyo mtoto atazaliwa kwenye kitanda cha nani? Na mirathi? Mimba iliyo tumboni siku ya kifo huwekewa fungu lake. Kilichokuwa kwenye mtungi, utakiwekea lipi, na ndugu zake wangoje mpaka lini?

Lakini simlaumu mjane. Natulaumu sisi maimamu. Mtu anakuja na shida ya uzazi, hajamaliza sentensi tushampigia "haramu!" Anaondoka kwa aibu, anakwenda kutia saini karatasi za hospitali bila wa kumwelekeza. Tunaitwa kukiwa na msiba.

Wewe mwenye viinitete hospitali leo, mume wako yu hai na ndoa ipo: nendeni wote wawili mkaandikishe kwamba mmoja akifa, au mkiachana, visipandikizwe kwa yeyote. Mkiona haya kumuuliza imamu wenu, niandikieni faragha.

Wallahu a'lam.