Profesa, kamati haikukaa na msimu ukapita

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili wa chuo nilichosoma



Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikaishia hapo. Jalada langu unalijua. Pendekezo la utafiti liliingia kwenye kamati ya maadili Septemba, msimamizi ameshasaini na ada ya mapitio imeshalipwa. Oktoba akidi haikutimia. Novemba mwenyekiti alikuwa safarini. Baada ya sikukuu tukaambiwa wajumbe wamemaliza muda wao na wapya hawajateuliwa. Kibali kilitoka Agosti, bila marekebisho hata ya neno moja. Msimu ulikuwa umepita.

Wewe ulikuwa daktari wa watoto kabla ya kuwa mkurugenzi, kwa hiyo unajua malaria inavyopanda mkoani Tanga masika yakishanyesha. Wodi yetu ya watoto inajaa, na wengi wanaoletwa wameishiwa damu. Tunawaongezea damu, wanapata nafuu, tunawaruhusu. Swali langu lilianzia pale mlangoni: wakishatoka, wanapatwa na nini? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya na Uganda. Watoto waliokuwa wamelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu walipewa dawa ya kukinga malaria wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa, na waliofariki au kulazwa tena katika miezi hiyo wakapungua sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kinga hiyo. Mimi nilitaka kujua kama mama wa vijijini kwetu, ambaye nauli ya kuja hospitali anaikopa, ataweza kuifuata dawa ya pili na ya tatu. Swali hilo linahitaji watoto wa kufuatiliwa, na watoto hao hulazwa kwa wingi msimu ule ule uliopita jalada likiwa kwenye kabati lenu.

Kibali kilipotoka, ruhusa yangu ya masomo kutoka halmashauri ilikuwa inaishia. Ofisi yako ikanishauri nibadili mada: nichukue majalada ya zamani, nihesabu, nimalize. Nilikataa. Jalada la mgonjwa wetu linakoma siku ya kuruhusiwa. Hamna ukurasa unaosema kama mtoto alipata homa tena wiki ya nne, wala kama alizikwa kijijini bila kurudishwa hospitali. Nilichokuwa nakitafuta hakimo humo, na mliponipa ushauri ule mlijua hakimo.

Profesa, mtu anayesomea utafiti wa kitabibu anatakiwa ajifunze kumweleza mzazi utafiti mpaka aelewe, na kuiheshimu hapana yake. Anatakiwa ajifunze kumtafuta mtoto ambaye hakurudi siku ya miadi, na kuliripoti tukio baya siku hiyo hiyo. Hayo hayafundishwi kwa slaidi. Muheza, jirani kabisa na sisi, ilikuwa kati ya vituo vya utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko walifuatiliwa kwa karibu, na mwaka 2011 ulimwengu ukaambiwa jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kuwapa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, kama vitabu vilivyofundisha, kuliongeza vifo. Ndani ya saa 48 walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 waliopewa maji hayo, na kama 7 katika kila 100 ya wasiopewa. Jibu hilo lilipatikana kitandani kwa mgonjwa, kwa watu waliofundishwa kuangalia na kuandika.

Siombi maadili yalegezwe. Kamati ingelikataa pendekezo langu kwa hoja, ningelirekebisha na kushukuru. Lakini kamati isiyokaa haimlindi mgonjwa yeyote.

Mkopo wa SACCOS niliolipia ada bado unakatwa kwenye mshahara wangu. Cheo nilichokuwa nakitarajia kimesubirishwa. Hayo nitayabeba. Watoto wa msimu ule hawakufuatiliwa, na leo hakuna anayeweza kurudi nyuma akawafuatilia.

Tena si jalada langu peke yake. Wenzangu darasani walibadili mada, wakagawa hojaji za uelewa na mtazamo, wakahitimu. Siwalaumu, wana familia. Nakilaumu chuo kinachomfundisha mhudumu wa afya kwamba njia salama ya kupata shahada ni kukaa mbali na mgonjwa. Kisha, utafiti mkubwa ukija na fedha za nje, tunaitwa kuchota damu na kujaza fomu, maswali yameshaandikwa na wengine. Kwenye makongamano viongozi wa vyuo vyetu wanalilalamikia jambo hilo. Muuguzi alikuja na swali lake mwenyewe kutoka wodini, mkaliacha likafa kabatini.

Nataka ratiba ya vikao vya kamati ibandikwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na kila mjumbe awe na mbadala wake. Wajumbe wapya wateuliwe kabla wa zamani hawajaondoka. Mwanafunzi apewe jibu la maandishi, hata kama ni la kukataliwa, ndani ya muda uliotangazwa. Chuo kikichelewesha, mwaka wa ziada usimgharimu mwanafunzi ada, na chuo chenyewe kimwandikie mwajiri wake kueleza kuwa kosa si lake. Utafiti unaofuata msimu wa ugonjwa upitiwe kwanza.

Masika yanaanza Machi, Profesa, na najua wapo wanafunzi wa mwaka huu ambao majalada yao yako mezani kwako sasa. Itisha kikao kabla Januari haijaisha.

Afisa muuguzi, wodi ya watoto,
hospitali ya wilaya, mkoani Tanga