Chuo cha Jirani si cha Waliokosa Pengine

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya wazazi, na hata walimu wenzangu, kumwonea huruma mwanafunzi anayechagua kusomea shahada katika chuo kilicho karibu na kwao. Hudhaniwa kwamba amekosa nafasi mahali pa maana. Mimi ninayeishi na kufundisha Kawangware naipinga dhana hiyo, kwa kuwa inawavunja moyo vijana waliopiga hesabu zao barabara.

Historia ndiyo iliyotuzoesha kuitukuza elimu ya mbali. Tom Mboya alipoanza kuwasafirisha vijana kwa ndege kwenda Marekani mwaka 1959, nchi yetu haikuwa na chuo kikuu. Hata baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Nairobi kilibaki peke yake miongoni mwa vyuo vikuu vya umma hadi kile cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984. Wengi waliokosa nafasi walikwenda India. Safari hizo zilikuwa dawa ya uhaba. Hazikuwa kipimo cha akili.

Leo mambo ni mengine. Mwanafunzi wa Kawangware akivuka Kangemi hadi Waiyaki Way, atapata gari la kumfikisha Kikuyu, kwenye bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi linalofunza walimu. Akipanda matatu ya nambari 46, atafika katikati ya jiji, ambako iliyokuwa Kenya Polytechnic iligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya mwaka 2013.

Kwa mlalahoi, karo ni nusu tu ya mzigo. Nusu ya pili ni kodi ya chumba, chakula na nauli. Anayesomea karibu hula chungu kimoja na wenziwe, na Jumamosi humsaidia mamaye kuuza mboga sokoni. Isitoshe, tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua mlango kwa wanaojilipia mwaka 1998, masomo ya jioni yamewawezesha wengi kusoma bila ya kuacha kazi. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, hiyo ndiyo njia ya pekee.

Hata hivyo, ukaribu una gharama zake. Katika chumba kimoja wanamolala watu sita, mwanafunzi ataandika tasnifu wapi? Usiku redio ya jirani hainyamazi, na taa ikizimwa ili wadogo walale, vitabu navyo hufungwa. Wakati huo huo madarasa ya shule zetu yamefungwa kwa kufuli tangu jioni. Yafunguliwe! Mlinzi, taa na madawati vitatosha kuwaokoa wengi.

Nawasihi pia wanafunzi wasidanganywe na mabango. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imekiidhinisha chuo hicho pamoja na kozi yenyewe. Ikiwa ni uhandisi, sheria au uuguzi, uliza pia kama bodi ya taaluma hiyo inaitambua shahada yake.

Walimu wenzangu, mtahiniwa akija kutaka ushauri, tusimwulize atakwenda umbali gani. Tumwulize kama ataweza kumaliza. Usiache mbachao kwa msala upitao.