Kivuli Kilichosahaulika

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Methali hii huchukulia kwamba kivuli kipo. Katika mji wa Tempe, ulio pembezoni mwa Phoenix huko Arizona, Marekani, mambo ni kinyume. Mwaka 1999 mji huo ulijaza maji sehemu ya mkondo mkavu wa mto Salt, likapatikana ziwa bandia lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Kandokando yake kuna njia ya zege, tambarare kama kiganja, isiyo na kilima cha kumtweta mzee. Mtu angedhani kwamba hiyo ni njia ya kila mja. Sivyo.

Kwa sehemu kubwa njia hiyo iko wazi. Kivuli cha kutegemewa ni cha madaraja, na baina ya daraja na daraja jua humpiga mtembezi utosini huku zege likimrudishia joto kutoka chini. Kiswahili hutumia neno lilo hilo, kivuli, kwa mahali palipokingwa jua na kwa umbo la mtu linaloonekana ardhini. Mtembezi wa Tempe ana hicho cha pili tu, na adhuhuri hata hicho hujikunyata miguuni.

Wala haya si manung'uniko ya watalii. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Katika kaunti ya Maricopa, uliko mji wa Tempe, vifo 645 vilihusishwa na joto mwaka huo. Mwenye gari hujichagulia alfajiri ya kutembea. Anayeishika njia hiyo kwenda kazini huchaguliwa saa na mwajiri.

Ukuta wa mpira uliozuia maji ulipopasuka Julai 2010, ziwa lilimwagika usiku mmoja. Likajazwa tena mwaka huo huo, na kufikia 2016 milango ya chuma ilikuwa imesimamishwa. Kwa maji, basi, palikuwa na haraka na fedha. Miti nayo haihitaji kuagizwa ng'ambo: meskiti, mwenyeji wa jangwa hilo, ni ndugu wa mathenge, mti unaolaaniwa Baringo kwa kumea kusikotakiwa. Wakenya wanahangaika kuung'oa. Kule, hatua chache tu kutoka majini, ungepandwa safu kwa safu.