Maneno Yaliyozikwa Chini ya Ngoma

Aghalabu sisi wanafasihi huuchambua wimbo kwa kuyasoma maneno yake karatasini, kana kwamba mtunzi alituandikia barua. Ilhali wimbo hutufikia kwa sikio, na kabla ya kutufikia hupitia mikononi mwa kijana aliyeketi chumbani kwake na kompyuta, kipaza sauti kimoja, na godoro lililoegemezwa ukutani kupunguza mwangwi. Kijana huyu ndiye mhariri wa mwisho wa matini. Kwa maoni yangu, wahakiki hatujamhoji ipasavyo.

Tazama kinachotukia anapochanganya sauti. Uwazi wa konsonanti hutegemea sana masafa ya kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na papo hapo ndipo gitaa, kinanda na mlio mkali wa ngoma hugombania nafasi. Irabu, kwa kuwa zina nguvu, hupenya, konsonanti humezwa. Msikilizaji hubaki akijiuliza kama mhusika "alipata" au "alikata", kama ni "saka" au "shaka". Wengi hudhani dawa ni kumpaza mwimbaji zaidi. La hasha! Mara nyingi yatosha kuzipunguza ala desibeli mbili tatu katika masafa hayo, maneno yakapata mlango wa kupitia.

Hatua ya kuukamilisha wimbo kabla haujatolewa nayo ina ugonjwa wake: kushindania kishindo. Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wenyewe walilalamika kwamba ilibanwa hadi sauti zikakwaruza. Kubana kupita kiasi hufuta tofauti baina ya mnong'ono na ukelele, na humo ndimo hukaa kejeli, huzuni na taharuki. Isitoshe, ni jitihada ya bure. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo hadi takribani LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyouhisi. Wimbo uliobanwa hushushwa tu, ukabaki bapa.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba haya ni ya mafundi mitambo. Siafikiani nao. Tunafundisha kiimbo, toni na utendaji, kisha tunarekodi mashairi yetu mabwenini na kuyatandikia muziki ambao hakuna aliyeuomba. Majuzi nilisikiliza shairi la namna hiyo kwa spika ya simu. Nadhani mizani ilitimia, ila nilichoweza kuhesabu ni mapigo ya ngoma.